Mstari wa Wastaafu

Kitu cha kwanza Remigia alichokigundua ni kwamba salamu zilikuwa zimefupika.

Jumatatu ilikuwa siku ya wastaafu. Walikuja kwenye dirisha la chumba cha vipumuo mmoja baada ya mwingine, kila mtu na betri yake iliyoisha ndani ya mfuko wa kitambaa, wapewe iliyojaa. Wengi wao walikuwa akina mama waliochekecha kinywe, madini meusi ya penseli na betri, katika mgodi wa Lugonda miaka kumi na tano, miaka ishirini, mpaka vumbi lile jeusi likayageuza mapafu yao kuwa kama magunia yaliyolowa. Sasa kila mmoja alikuwa na kipumuo chini ya mbavu, chombo kidogo kama kopo la maziwa, kinachosukuma hewa pale ambapo mwili umeshachoka kuivuta.

Watu hao walikuwa na salamu ndefu. Remigia akishasema shikamoo, waliitikia marahaba, wakauliza ameamkaje, wa nyumbani wameamkaje, mahindi ya kwao yameamkaje, na wakimaliza walianza upya upande wa wajomba. Remigia, ambaye maneno yake kwa siku yangeweza kuenea kiganjani, alizipenda salamu hizo. Hazikumdai zaidi ya "salama" na "tunashukuru".

Jumatatu ile Mzee Gaudensi alisema, "Marahaba," akanyoosha betri, basi. Aliyemfuata aliitikia kwa kichwa. Wa tatu alikuwa Bibi Dafrosa, ambaye tangu Remigia aanze kazi hajawahi kupita dirishani bila kumchokoza. "We Remi, hiyo sauti unamwekea nani akiba?" ndiyo ilikuwa kawaida yake. "Akija mchumba utamwandikia barua?" Leo alishika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi."

"Mara..." Kipumuo kilinguruma chini ya gauni, kikakata. "...haba."

Remigia alihesabu bila kutaka. Kipumuo kizima husukuma kwa hesabu ya tatu, kisha huachia. Hiki kiliishia kwenye mbili.

"Kuna baridi," Bibi Dafrosa alisema, kama mtu anayejitetea. Jua lilikuwa linawaka mpaka mabati yanalia.

Remigia alimpa betri yake, akaandika jina lake kwenye orodha. Nyuma yake walibaki watu thelathini na watano, na alipofika wa mwisho, Remigia hakuhitaji kuambiwa kilichokuwa kinawasibu. Alikuwa amekiandika yeye mwenyewe, siku ya Ijumaa, saa nane mchana.

*

Remigia aliacha shule darasa la tano, mwaka ambao vumbi lilimmaliza baba yake, kabla vipumuo havijafika Lugonda. Aliajiriwa kufagia. Chumba alichopewa kufagia kilikuwa na meza moja, kompyuta moja, na mhandisi mmoja, Leokadia Mponda, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na subira ndogo. Siku moja Leokadia aligeuka akamkuta binti wa ufagio amesimama nyuma yake, anasoma kioo kwa midomo bila sauti.

"Umeona nini?"

Remigia alinyoosha kidole. Mstari mmoja ulikuwa na mabano yaliyofunguliwa, na hayakufungwa popote. Leokadia alikuwa ameyatafuta tangu asubuhi.

Kuanzia hapo alimfundisha. Kila kipumuo, alimweleza, kina maandishi ndani yake yanayokiambia kisukume kwa nguvu gani na kipumzike lini. Maandishi hayo hukaa kwenye ghala. Mtu halifungui ghala na kuandika tu atakavyo. Kuna amri chache, na kila moja ina adabu yake.

"*Hali* kwanza," alisema Leokadia. "Unabisha hodi. Unauliza kuna nini kimebadilika kabla hujagusa. Halafu *ongeza*: unapanga vyombo kwenye sinia. Halafu *hifadhi*: unaipeleka sinia sebuleni. Mgeni akishaiona, huwezi kusema hukupika. Na kila unapohifadhi unaandika ujumbe, umefanya nini na kwa nini. Usiniandikie upuuzi. Aliyeko kesho hakujui, anajua ujumbe wako tu."

"*Sukuma* je?" Remigia aliuliza. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza baada ya wiki mbili.

"Sukuma inapeleka kazi yako kwenye shina, ghala la wote. Saa kumi na moja alfajiri vipumuo vyote *huvuta* kutoka kwenye shina. Watu mia nne na kumi, Remi. Kwa hiyo ukitaka kujaribu jambo, fungua *tawi*, ujaribie huko pembeni, hata ukiharibu hujamuua mtu. Likiwa zuri, ndipo *unaunganisha*."

*Historia* ilikuwa inaonyesha nani alihifadhi nini, siku gani, saa ngapi. *Lawama* ilikuwa inaonyesha kila mstari uliguswa mara ya mwisho na nani. "Aliyeipa jina hilo alikuwa mtani," alisema Leokadia. Na *tendua* ilikuwa inarudisha kosa nyuma. "Lakini tendua haifuti. Sikiliza vizuri. Inaandika juu ya kosa kwamba hili lilikuwa kosa, nami nimelirudisha. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Humu yanazoleka, ila sakafu inabaki imelowa na kila mtu anaona."

Kulikuwa na jambo moja lililofanyika kinyume cha sheria, na walilizoea mpaka likaonekana ndiyo sheria. Leseni ya kufungua ghala ilikuwa moja tu, ya Leokadia. Remigia alipoanza kuandika, aliandika kwa jina la Leokadia na ufunguo wa Leokadia, kama binti anayevaa kanga ya dada yake kwenda dukani. Katika historia hakukuwa na Remigia. Hata hilo alilipenda.

*

Ijumaa Leokadia alikuwa Ifakara, kuhuisha leseni yake, na hakutarajiwa kurudi kabla ya Jumatano. Aliondoka akisema, "Toa betri, jibu simu ukiweza, na usiunganishe kitu mpaka nirudi."

Saa nane kasoro Bwana Likomo, msimamizi wa Kampuni pale mgodini, aliingia akiwa anajipepea kwa karatasi.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Makao makuu walituma tawi tangu Jumanne na bado halijaunganishwa. Betri zinakwisha kama karanga. Wanataka liwe kwenye shina kabla ya kesho alfajiri. Unajua kuunganisha?"

Remigia aliitikia kwa kichwa. Alijuta papo hapo.

"Basi unganisha."

"Dada Leo alisema..."

"Eti?"

"Asubiriwe."

"Sikusikii, mama. Sema kama umekula."

Hakulirudia. Bwana Likomo alicheka, si kwa ubaya. "Wewe ukiolewa, mumeo atadhani ameoa kabati. Haya, tuone."

Aliandika *hali*. Akaandika *vuta*. Akaandika *unganisha*, na jina la tawi la Kampuni, *okoa-betri*. Mashine ilifikiri kidogo, kisha ikasimama, kama kawaida yake mikono miwili tofauti ikigusa mstari mmoja. Ilionyesha mistari yote miwili, mmoja juu ya mwingine.

Shina: wastaafu, nguvu 65.

Okoa-betri: wastaafu, nguvu 40.

Chagua.

Chini yake, kwa herufi ndogo, ulikuwapo ujumbe wa aliyeandika ule wa juu, wiki tatu nyuma: *Usishushe chini ya 60. Mapafu ya waliochekecha hayajai. Nimejaribu kwenye mfuko mara tisa. L. Mponda.*

Remigia alikuwepo siku ya majaribio. Mfuko wa mpira uliokaa mezani ndio ulikuwa pafu la kuigiza. Leokadia alikuwa ameujaza matambara mabichi ndani ili uwe mzito kama pafu lenye vumbi. Kwenye sitini na tano ulijaa. Kwenye hamsini ulinyanyuka nusu. Kwenye arobaini ulitetemeka kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo, ukalala. Kazi ya Remigia ilikuwa kuushika na kuhesabu.

"Inasemaje?" Bwana Likomo aliuliza.

"Inataka tuchague."

"Chagua ya Kampuni."

Kidole chake hakikwenda popote.

"Unasoma nini hapo?"

"Ujumbe."

"Remi. Wewe ni darasa la tano. Mambo ya namba waachie wenye namba zao. Bonyeza, nikale."

Hakumtishia. Hilo ndilo lililokuja kumkaa kooni baadaye. Hakutaja kazi wala mshahara, wala hakupandisha sauti. Alisimama tu pale akisubiri, na kwa Remigia mtu anayesubiri jibu lake alikuwa kitu kisichovumilika, kama mkono uliowekwa karibu na moto. Kulikuwa na neno moja la kusema. Alilitafuta. Lilikuwepo. Halikutoka.

Alichagua ya chini.

"Ujumbe," alisema kwa sauti ndogo. "Inataka ujumbe."

"Andika marekebisho madogo."

Aliandika *Marekebisho madogo*. Akahifadhi. Akasukuma.

*

Sasa ilikuwa Jumatatu, foleni imekwisha, na Remigia alikaa mbele ya kioo akaandika *tendua*. Herufi sita. Alitakiwa tu kubonyeza, aandike ujumbe, asukume, na alfajiri wastaafu wote wangevuta pumzi iliyo sawa.

Alijua pia kitakachofuata. Tendua ingeonekana kwenye historia. Bwana Likomo angekuja kuuliza kwa nini. Makao makuu wangepiga simu. Leokadia angerudi akaona kwamba alichokataza kimefanywa, kwa jina lake, na angemgeukia na kumuuliza, na Remigia angelazimika kusimama na kujibu kwa mdomo.

Alifuta herufi moja moja kutoka mwisho. A. U. D. N. E. T.

Alijiambia labda watazoea. Alijiambia Leokadia anarudi Jumatano, naye anajua zaidi. Jumanne aliandika tena neno lile, akalifuta tena. Jumanne jioni alisikia kwamba Mzee Gaudensi amelala mchana na hakuamka. Alikuwa na miaka sabini na sita, watu wakasema Mungu amempumzisha. Jumatano asubuhi ikaja habari ya mama mmoja wa Kota ya Pili, na mwingine wa jirani yake, na kabla ya saa sita, Bibi Dafrosa.

Leokadia aliingia saa tisa na begi lake bado mgongoni. Alikuwa amepita misiba miwili njiani. Hakuketi. Aliandika *historia*, akasoma, akashika ukingo wa meza. Kisha akaandika *tendua*, akasukuma papo hapo, na hakusubiri alfajiri. Alitoka akakimbia nyumba hadi nyumba akivilazimisha vipumuo kuvuta kimoja kimoja, mpaka miguu ikavimba. Kwenye ujumbe alikuwa ameandika: *Natendua. Watu wanne wamekufa.*

Aliporudi alimkuta Remigia amesimama palepale.

"Ni Likomo aliyekwambia?"

Remigia aliitikia kwa kichwa.

"Na wewe hukuelewa ile namba ni ya nini." Hakuuliza. Alisema kama mtu anayemfunika mtoto shuka. "Ni kosa langu. Mtu hamwachii mwenzake kisu bila kumwonyesha makali yako wapi."

Alikuwa amemwonyesha. Mara tisa. Remigia alifungua mdomo, na Leokadia, aliyechoka, akadhani ni kilio kinakuja, akamkumbatia.

*

Walimsimamisha kazi Leokadia siku iliyofuata. Mkaguzi wa vipumuo angefika Jumatatu saa nne kutoka mkoani, na ndugu wa marehemu walikuwa wameitwa wawepo. Leseni na jina vilikuwa vyake. Kanuni ilisema mwenye leseni akimwachia ufunguo asiyejua, na watu wakafa, ni miaka saba. Leokadia alikuwa na mtoto wa miaka minne.

Ufunguo wenyewe ulibaki kwa Remigia. Hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya, kwa kuwa hakuna aliyemhesabu.

Ila Bwana Likomo. Alikuja Jumamosi adhuhuri na soda mbili, akamwekea moja mezani, akakaa kwenye kiti cha Leokadia.

"Pole na kazi, Remi. Kunywa."

Hakunywa.

"Nimeuliza watu wanaojua. Kuna amri inaitwa *sukuma kwa lazima*. Leokadia amekufundisha?"

Alikuwa amemfundisha. Ghala halikubali kusukumiwa historia isiyolingana na yake. Hukataa, husema vuta kwanza. Lakini kwa lazima unaweza kulivunja na kuweka historia yako juu ya ile ya wote, na iliyokuwepo inakuwa haikuwepo. "Nakufundisha ili ukiiona uikimbie," Leokadia alikuwa amesema.

"Unalirudisha ghala kwenye Alhamisi ile, kabla ya kuunganisha," Bwana Likomo aliendelea. "Halafu unasukuma kwa lazima. Ijumaa inaondoka. Hiyo tendua ya Leokadia, na maneno yake ya watu wanne, inaondoka nayo. Namba inakuwa sitini na tano tangu zamani. Vipumuo vya marehemu nilishavipokea, nimeyafuta maandishi yake mwenyewe. Nakala nyingine zote zitavuta alfajiri. Mkaguzi akija atakuta ghala safi."

"Na wao?"

Alishangaa kumsikia. "Wao nani?"

"Waliokufa."

"Walikuwa wazee, Remi. Walikuwa na vumbi." Aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu, si ya msimamizi. "Angalia. Leokadia anarudi kwa mwanawe. Wewe unarudi kazini. Mimi nina watoto watatu. Kuna mtu gani atakayeumia? Niambie mmoja tu, nitanyamaza."

Hakuweza kumtaja. Hapo ndipo uzito ulipokuwa, na alikaa nao mchana wote baada ya Bwana Likomo kuondoka. Wanne walikuwa wameshazikwa. Historia isingewafufua. Ikibaki, Leokadia atafungwa kwa jambo lililofanywa na mkono mwingine. Ikiondoka, Leokadia atalala kwake, na watoto wa Bibi Dafrosa watakaa maisha yao yote wakiamini mama yao alichoka tu, kwamba hakuna aliyemchagulia.

Kwa ajili ya Leokadia aliiandika ile amri. Alilirudisha ghala kwenye Alhamisi, pole pole, kila hatua kwa utaratibu, kwa sababu alikuwa mfanyakazi mzuri. Akaandika *sukuma*. Akaandika *kwa lazima*. Mashine ikauliza, kama inavyouliza daima kabla ya jambo lisilorudi: *Una hakika? Ndiyo au hapana.*

Alitazama maneno yale muda mrefu. Hakukuwa na mtu chumbani aliyemsubiri. Pengine kwa sababu hiyo aliweza.

Aliandika *hapana*.

Akafunga kompyuta, akaenda kwao, na njiani akafikiri kwa uchungu kwamba amechelewa siku nane, tena ameiambia mashine, si mtu.

*

Bwalo la mgodi lilijaa. Walipanga mabenchi pande mbili, ndugu wa marehemu huku, Kampuni kule, na ukutani wakawasha kioo kikubwa kinachotumika kuonyesha mpira. Mkaguzi, Bi. Ngwale, alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba. Hakuwa na maneno mengi. Alifungua ghala, akaandika *historia*, kisha *lawama*, akashuka mpaka mstari wa wastaafu.

Jina lilitokea kwa herufi kubwa kama sahani: Leokadia Mponda, na chini yake Ijumaa ile yote.

Watu waliguna. Bwana Likomo, benchi la mbele, alimgeukia Remigia haraka. Alikuwa ametarajia Ijumaa hiyo isiwepo. Remigia alitazama miguu yake.

"Bi. Leokadia," mkaguzi alisema, "tarehe tatu umeandika, namba isishuke chini ya sitini. Tarehe ishirini na nne, jina ni hilohilo, namba ni arobaini, na ujumbe ni marekebisho madogo. Umejikataza, kisha ukajivunja?"

"Tarehe ishirini na nne nilikuwa Ifakara. Nilimwachia msaidizi wangu ufunguo."

"Msaidizi ana leseni?"

"Hana."

"Ana mafunzo?"

"Hakuelewa alichobonyeza. Aliachia shule darasa la tano. Jina ni langu, mkaguzi. Andika langu."

"Mimi nilipitisha tu maelekezo," Bwana Likomo alisema, akisimama. "Ningejuaje kwamba aliyeko mezani ni mfagiaji? Nilidhani ni mtu wa Leokadia, anajua kazi."

"Ulidhani!" sauti ilitoka upande wa ndugu. Alikuwa Odilo, mtoto wa mwisho wa Bibi Dafrosa, mchimbaji, bado na koti la msiba. "Ulikuwa unamwita Remi mfagiaji hapa kantini kila siku ya Mungu, leo ulidhani?"

Watu walicheka, kicheko kile cha msibani kinachokata kama wembe. Mkaguzi aligonga meza.

"Binti yuko wapi?"

Remigia alisimama. Bwalo zima lilimgeukia, nyuso mia mbili, na damu ikampanda masikioni mpaka hakusikia swali. Mkaguzi alilirudia, kwa upole sasa, kwa namna ambayo watu huzungumza na mtoto aliyepotea sokoni.

"Nimeuliza, mama, ni kweli hukuelewa?"

Mlango ulikuwa wazi. Wote walikuwa wameushikilia, kila mmoja kwa sababu yake: Likomo kwa kujiokoa, Leokadia kwa huruma, mkaguzi kwa sababu ndivyo fomu yake ilivyoandikwa. Angeitikia tu kwa kichwa. Maisha yake yote alikuwa ameitikia kwa kichwa.

"Mwacheni," Odilo alisema. Alikuwa amemgeukia Remigia, na macho yake mekundu hayakuwa na hasira hata kidogo. "Mwacheni, jamani, huyu naye wamemtumia. Pole, dada. Mama alikuwa anakupenda sana."

Hapo kitu kilimkatika ndani. Angeweza kuvumilia kupigwa. Hakuweza kuvumilia ile pole.

"Nilielewa," alisema.

Hawakumsikia. Bi. Ngwale aliweka mkono sikioni.

"Nilielewa!" Sauti ilitoka kubwa, mbovu, kama ya mtu asiyejua vipimo vyake, na Leokadia akageuka polepole kwenye kiti chake. "Ule ujumbe niliusoma. Dada Leo alinifundisha, mbele ya ule mfuko, mara tisa, mikono yangu ndiyo iliyoushika. Arobaini ni nini, nilijua. Bosi aliniambia nichague, lakini hakunishika mkono, hakunitisha."

"Remi," Leokadia alisema. "Nyamaza."

"Nimenyamaza vya kutosha." Alimtazama Odilo, kwa kuwa yeye ndiye aliyempa pole, na yeye ndiye aliyestahili kurudishiwa. "Jumatatu niliwaona dirishani. Nilijua kabla ya mtu mwingine yeyote hapa. Kulikuwa na amri moja ya kuwarudishia pumzi, herufi sita, niliiandika Jumatatu nikaifuta, nikaiandika Jumanne nikaifuta. Mama yako alikuwa hai Jumatatu. Alikuwa hai Jumanne. Jumatano asubuhi alikuwa hai. Sikuogopa kufukuzwa kazi, Odilo. Sikuwa mjinga. Niliona aibu tu kuulizwa."